Shada la Punda

Jumamosi moja ya Desemba, shule zikiwa zimefungwa, nilimwona punda hapa Kangemi, Nairobi, akiwa amevikwa shada. Alikuwa punda wa maji, mmoja wa wale wanaotokea upande wa Uthiru wakivuta mkokoteni wa mitungi ya manjano ya lita 20, kila mtungi umezibwa mdomo kwa kipande cha nailoni. Watoto wa ploti moja walikuwa wamemfunga utosini zile karatasi ndefu za kumetameta, nyekundu na kijani, ambazo watu hutundika ukutani Krismasi inapokaribia. Mwenye punda hakuwafukuza. Alikuwa akishusha mitungi, mmoja begani na mmoja mkononi, akiingia na kutoka kwenye lango la mabati. Punda akatikisa masikio, karatasi zikameta, na watu waliokuwa wakipishana kwa haraka wakapunguza mwendo. Mama wa sukumawiki akaacha kisu juu ya ubao. Kijana aliyejitwika godoro akageuka mwili mzima ili aone, kwa sababu shingo peke yake isingeweza. Msichana mdogo, labda wa miaka sita, akamwuliza mwenye punda, "Mzee, leo ni siku yake?" Yule mzee akavua kofia, akajipangusa jasho nayo, akajibu kwa upole, "Huyu hana siku, mama. Huyu ana kazi."

Jibu hilo limekaa nami tangu siku ile. Kiswahili kimemsema punda vibaya kwa muda mrefu. Tunasema shukrani ya punda ni mateke, na katika kuyahesabu mateke tunasahau kuihesabu mizigo. Methali nyingine imekaribia haki zaidi, ile isemayo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtungi mmoja wa maji ni kilo 20. Mkokoteni hubeba mitungi mingi, ukipanda na kushuka njia zilizochimbwa na mvua, kati ya vibanda na matatu zinazorudi nyuma bila kutazama. Anayefungua mlango asubuhi na kulipia mtungi wake haoni kilo hizo. Anaona maji tu, kisha anamwona punda kama kizuizi kilichosimama mbele ya lango lake. Hata mimi nimewahi kumpita punda huyo mara nyingi bila kumwona. Ilibidi watoto wamfunge karatasi kichwani.

Na ipo sehemu moja katika nchi hii hii ambayo punda ana siku yake. Sehemu hiyo ni kisiwa. Ukitaka kufika, basi hukushusha Mokowe, nawe unaingia mashuani na kuvuka mkono wa bahari mpaka gati la Lamu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni husifu milango yake ya kuchongwa, madaka ya ndani ya nyumba, na mabaraza ya mawe ambayo wazee huketi jioni. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilichokiona kabla ya milango ni migongo. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba mno, hata watu wawili hulazimika kupeana bega wakipishana. Basi kila kilichojengwa mle kimepita juu ya mgongo wa punda: mawe ya matumbawe, mchanga, mifuko ya saruji, boriti, magunia ya mchele, hata taka za mji. Hata maji yanayonywewa mjini hutoka kwenye visima vya chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, na mtu wa Lamu anajua maana ya kisima kitamu kilichozungukwa na chumvi pande zote.

Halafu hufika siku ambayo punda hapakiwi kitu. Katika shamrashamra za Maulidi, na tena katika tamasha la utamaduni la Lamu ambalo kwa kawaida huwa mwezi wa Novemba, punda hupangwa ufuoni, mbele ya nyumba zinazotazama maji. Wavulana hupanda bila tandiko. Wanaoshindana ni wale wale ambao jana walikuwa nyuma ya punda huyo huyo, wakimhimiza apande na saruji. Watu hujaa kwenye ukingo wa gati, juu ya mapaa, ndani ya mashua zilizofungwa karibu, na punda wanapotoka mbio kelele hupanda kwa wimbi kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine. Kuna punda hukataa kabisa. Kuna anayekata kona na kuingia kichochoro anachokijua, akielekea nyumbani. Hakuna anayemchukia kwa hilo. Mtoto aliyeshinda hubebwa mabegani, naye punda hushikwa shingo na kupigwapigwa ubavuni na watu wazima, watu wenye heshima zao, waliovaa kanzu zilizopigwa pasi. Jina la kijana na la mwenye punda hutajwa mtaani mwaka mzima.

Nimelifikiria jambo hili sana, na naona kwamba hapa ndipo penye siri ya sikukuu za kisiwani. Kisiwa hakiagizi furaha kutoka nje. Kinachukua kile kilichobeba mzigo mwaka mzima, kinakipangusa vumbi, na kukigeuza mchezo kwa siku moja. Tazama mashindano ya majahazi. Chombo kinachoshindana si chombo cha anasa. Ni kile kilichozoea kupakia boriti za mikoko, mawe na samaki, na wanaokiendesha ni mabaharia waliojifunza upepo kwa njaa. Siku ya mashindano tanga ni lile lile lenye viraka, ila limefuliwa. Wapo wanaotoka kukaa kwenye ubao ulionyooshwa nje ya chombo ili kisilale, migongo yao ikigusa povu, na ustadi huo hawakuupata uwanjani. Tazama kirumbizi, ngoma ambayo wanaume hupambana kwa fimbo huku zumari ikilia: fimbo ile ile ya kutembelea inakuwa ngoma. Tazama hata wanaoshindana kuogelea, katika mji ambao kuogelea ni jambo la kufa na kupona. Hakuna anayehitaji kueleweshwa kanuni. Kila mtazamaji anajua ugumu wa kile anachokitazama kwa sababu amekifanya yeye mwenyewe, au baba yake, au mumewe. Ndiyo maana wanapiga makofi kwa namna ile. Wanashangilia kazi yao wenyewe, iliyovuliwa mzigo.

Maulidi ya Lamu yana kisa ambacho kila nikikikumbuka moyo wangu hulainika. Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija na kufika Lamu akiwa kijana, hakuanza na wakubwa wa mji. Alikaa upande wa Langoni, karibu na wagema na watu waliotoka katika utumwa, watu ambao mji wa mawe uliwahitaji kwa mikono yao na kuwasahau katika mengine yote. Aliwafundisha dini. Alipokea matari yao, sauti zao na namna yao ya kucheza, akaviingiza katika kumsifu Mtume, na wapo waliokasirika kwamba ngoma imekaribishwa palipostahili utulivu. Kwenye miaka ile iliyozunguka 1900 msikiti wa Riyadha ukasimama, na kutoka hapo maulidi yakawa yanavuta watu kutoka pwani nzima, na kutoka mbali zaidi, kila Mfungo Sita. Habib Swaleh alifariki katika miaka ya 1930, na hadi leo watu hufanya ziara kwenye kaburi lake kwa msafara mrefu wa matari na bendera. Nikiwa nimesimama pembeni ya msafara huo, mimi mtu wa bara nisiyejua hata nusu ya maneno yaliyokuwa yakiimbwa, nilielewa jambo moja: mlango wa sikukuu hii ulifunguliwa kutokea upande wa waliobeba. Mbio za punda hazikuja kama pambo la kuwachekesha wageni. Ziko nyumbani kwao.

Nikienda kusini zaidi naikuta Unguja. Huko Idd inahesabiwa kwa siku, sikukuu mosi, sikukuu pili, mpaka ya nne, na watoto wenye nguo mpya na mkono wa Idd mfukoni humiminika Mnazi Mmoja kununua vitu vidogo vidogo na kupanda pembea. Mengi yameandikwa juu ya sikukuu hizo, nami sitaongeza. Ninachokirudia moyoni ni Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kila mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa mabua ya migomba, kila mmoja akitoa ya mwaka mzima, mpaka mabua yaishe na hasira iishe nayo. Kisha hujengwa kibanda kidogo cha makuti, mtu huingia ndani, na kibanda kikatiwa moto. Yule mtu hutoka mbio, wengine wakikimbilia moto huo. Baadhi ya wazee huko hueleza kwamba ni kufundishana: nyumba ya jirani ikiungua, kila mtu ajue miguu yake ielekee wapi.

Mtu wa Kangemi hawezi kusikia habari hiyo bila kunyamaza. Sisi vibanda vyetu huungua bila kualikwa. Nimeamka usiku kwa kelele za mabati yanayopasuka, nikaona watu wakipokezana ndoo kutoka mtaro wa maji machafu kwa sababu mtungi wa mwisho ulikuwa umemwagwa, na nikaona vijana wa mikokoteni wakibeba vitanda vya watu wasiowajua. Miguu yetu inajua pa kuelekea. Hatuna tulichokosa katika ujirani huo isipokuwa siku moja ya kuufanya mbele ya watoto mchana kweupe, bila kilio.

Kwa maana furaha ya watoto wetu sisi tunaisafirisha. Krismasi ikifika, mzazi aliyeweka akiba huwapakia wanawe kwenye matatu na kuwashusha katikati ya jiji, wakatembea hadi Uhuru Park. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1969, na kwa vizazi kadhaa mtoto wa Nairobi ambaye hakuwahi kuiona bahari alikuwa na ziwa lake dogo na mashua za kupiga makasia. Mimi pia nilipandishwa. Nakumbuka kushika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, maji ya kijani yakinukia majani yaliyooza, na baba yangu akivuta kasia kwa bidii ya mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuvuta vitu vizito zaidi. Alikuwa akicheka. Sikuwa nimezoea kumwona akicheka na mikono yake ikiwa kazini kwa wakati mmoja. Sidhani nimewahi kuwa karibu na Lamu zaidi ya dakika zile, hata nilipofika Lamu yenyewe.

Sizibezi starehe za kulipia. Mtoto anayeruka ndani ya jumba la mpira lililojazwa upepo anafurahi kweli, na mzazi anayetoa shilingi zake za mwisho ili aruke dakika kumi anafanya jambo la upendo. Lakini majumba hayo huletwa na lori asubuhi na kukunjwa jioni. Yakiondoka, uwanja hubaki kama ulivyokuwa. Hayakumjua mtoto, hayakujua babake anafanya kazi gani. Mtoto anajifunza kwamba furaha ni kitu kinachotoka kwingine, kinachokaa kidogo, kinachopimwa kwa saa, na kwamba mahali anapolala ni mahali pa kazi tu. Hilo ndilo linaloniuma. Kangemi imejengwa na watu waliokuja kufanya kazi. Ng'ambo ya barabara ya Waiyaki kuna Loresho, ng'ambo ya bonde kuna Lavington, na kila alfajiri njia zetu hutapika watu wanaokwenda kufua, kujenga, kulinda malango na kulea watoto wa nyumba hizo. Desemba ikifika wengi huondoka tena, safari hii kuelekea Kakamega, Vihiga, Busia, Kiambu, Machakos, kila mmoja akienda kusherehekea ushago. Huku nyuma milango hufungwa kwa kufuli. Ni kama hamali aliyeambiwa akapumzikie kwingine, si pale alipotua mzigo.

Wanaobaki ni watoto ambao hawana ushago mwingine. Wamezaliwa hapa. Wanajua mteremko gani huwa na utelezi na ni ploti gani ina mbwa mkali. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Basi hawa wakacheze wapi, na nani awatunze? Ngoma tunazo. Isukuti, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, hulia Kangemi mara nyingi kuliko wanavyodhani wale wanaohofia kwamba itapotea. Ila mara nyingi naisikia tukimsindikiza maiti anayepelekwa magharibi, jeneza likiwa juu ya gari na waombolezaji wakiikimbilia sauti ya ngoma ile ndefu. Ngoma yetu kubwa imekuwa ya kuaga. Hatuna siku tuliyoipanga wenyewe ili ilie kwa ajili ya mtu anayebaki.

Siku moja tu nakumbuka Kangemi ikijiona ina hadhi ya sikukuu. Ilikuwa tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alipokuja katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, inayoongozwa na Wajesuiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Njia zilifagiliwa hadi udongo ukaonekana mwekundu. Watu waliimba kabla jua halijatoka, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na wanawake waliovaa sare za vitenge walisimama saa nyingi bila kuketi. Yeye alizungumza juu ya mambo ambayo wageni wakubwa huyaruka: ardhi, makao, na maji. Alisema kuinyima familia maji ni dhuluma. Nilimtazama mama mmoja akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia deni lake likitajwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza. Siku ile ile mgeni aliondoka, na kesho yake mitungi ikapita tena kama kawaida. Nasema hivi bila uchungu kwa mgeni. Mgeni haachi sikukuu mahali, huacha kumbukumbu. Sikukuu huachwa na mwenyeji. Habib Swaleh alikuja Lamu akiwa mgeni, ila alikaa, akazeeka, akazikwa pale.

Tangu siku ile ya shada nimekuwa nikiwatazama watu wa mikokoteni wa soko letu kwa jicho jingine. Kabla ya mapambazuko wanapanda kutoka steji na magunia ya viazi na kabichi, mmoja mbele amejifunga kati ya mipini miwili, mwingine nyuma anasukuma kwa kichwa na mabega. Wakishuka na mzigo, yule wa mbele huegemea nyuma mpaka karibu akae, tairi kuukuu lililofungwa chini likiburuzika liwe breki, na mkokoteni mzima unatii. Wana miito yao. Wana wanaosifika: kuna mmoja ambaye watu husema anaweza kukata kona ya soko akiwa na magunia nane bila kugusa kibanda cha mtu. Nimeona abiria wa matatu wakimpigia kelele awapishe. Siku ambayo mkokoteni wake ungekuwa mtupu, umepakwa rangi na watoto, na yeye anashindana na wenzake kuteremka njia ile ile huku Kangemi nzima imejipanga kando, wale wale abiria wangejua jina lake.

Hili si jambo gumu, na halihitaji mfadhili. Wenye soko, wazee wa mitaa, baba paroko na imamu, vijana wa bodaboda, nawaomba mtupe asubuhi moja. Chagueni Jumapili ya mwanzo baada ya Mwaka Mpya, watu wakiwa wamesharudi kutoka ushago na soko bado halijachangamka. Fungeni njia ya sokoni kuanzia saa tatu hadi saa sita. Isukuti ilie kwa ajili ya walio hai. Kina mama wa mandazi wakae mbele, si nyuma. Akina mama wanaobeba ndoo kichwani washindane bila kumwaga tone, na watoto wapewe kazi ya kuhukumu, kwa kuwa wao ndio wenye macho. Mikokoteni iteremke miwili miwili. Na kabla ya yote, yule mzee wa kutoka Uthiru aitwe pamoja na punda wake, punda afunguliwe mkokoteni, afungwe shada jipya, atembezwe mbele ya watu kutoka steji hadi parokiani akiwa hana kitu mgongoni. Maji ya siku hiyo tutayachota wenyewe.